Amegeuka nzi au amegeuzwa nzi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi husimulia filamu za nje kwa Kiswahili kibandani kwetu. Sasa nina The Acid House ya mwaka 1998, hadithi tatu za walalahoi wa Edinburgh, Uskoti. Katika ya kwanza kijana Boab anakutana na Mungu baa, na Mungu anamfanya nzi. Niseme "amegeuka nzi", "amegeuka kuwa nzi" au "amegeuzwa nzi"? Na ni "nzi ametua" au "nzi imetua"?

JIBU: Marahaba. Hilo "kuwa" si kosa, ila si lazima. Bibi zetu walitamba "akageuka jiwe", "akageuka chatu", na hakuna mtoto aliyeuliza maana. Nawe unakimbizana na picha; liache.

Kazi ipo kwenye kitenzi. "Kugeuka" hakimtaji aliyesababisha. Upepo hugeuka, basi. "Kugeuzwa" kinadai mtu wa kulaumiwa, na hapa yupo, kakaa baa na kinywaji chake. Sema "amegeuzwa nzi".

Lakini usiitupe "geuka". Kabla ya hapo timu yake ya mpira imemtema, wazazi wamemtaka ahame, mpenzi kamwacha, kazi imeota mbawa. Wote hao wamemgeuka. Ukichomeka -m- tu, kitenzi kinaacha habari za umbo na kuwa habari za usaliti. Basi pale baa mpe Boab "wote wamenigeuka", na akishaota mbawa yeye mwenyewe, "amegeuzwa nzi". Watu watacheka mahali ambapo hata Mskoti hakuwekewa kichekesho.

Nzi ana uhai, kwa hiyo ni A-WA: nzi ametua, nzi wametua. "Nzi imetua" utaisikia sana mitaani, na mlevi wa kwenye filamu unaweza kumwachia. Wewe msimulizi, hapana.

Upatanisho huohuo utakufaa mwishoni, maana anayempiga yule nzi ni mama mzazi wa Boab. Mwingereza akisimulia hapo hubanwa: achague neno la kumtaja mdudu au la kumtaja mtoto wa mtu. Wewe sema "Amemuua!" kisha nyamaza kidogo. Mama anajua kaua nzi. Kibanda kizima kinajua kaua nani.