Pointi za Kanada, digrii yangu inatosha?

SWALI: Shikamoo dada, mi ni mhasibu hapa Dodoma, Area C, nina miaka 31, digrii ya UDOM, kazini miaka minne, nimeoa. Kuna jamaa anataka hela eti anipatie pointi za kuhamia Kanada. Nafikisha kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimpe hata mia, pointi haziuzwi na kufungua profaili ya Express Entry, mfumo wa mtandaoni wa Kanada wa kuombea uhamiaji, ni bure. Tuhesabu wenyewe. Njia ya wafanyakazi wenye ujuzi inataka 67 kati ya 100, umri wako unakupa 12 zote, digrii 21 ila lazima ithibitishwe na taasisi wanazozitambua wao, uzoefu 13, hapo una 46, zingine tafuta kwenye lugha. Kiingereza cha kiwango cha 8 kwa kipimo cha Kanada (CLB) ni pointi 20, unaishia 66, yaani unakosa kwa moja tu, inauma sana! Ukifika 9 ni 24, jumla 70, na kwa IELTS Jenero, mtihani wa Kiingereza, hiyo ni alama 8 kwenye kusikiliza, 7 kwenye kusoma, kuandika na kuongea. Bora hela hiyo ulipie tyusheni ya kuandika. Na wifi yangu naye afanye mtihani, akipata kiwango cha 4 tu mnaongezewa 5.

Ila 67 ni ya kuingia tu, ndani mnapangwa upya kwa alama hadi 1,200 na huko umri unaanza kukatwa ukifika 30, kwa hiyo mtihani usiuahirishe, na akiba benki muanze kuweka sasa maana wataiulizia.