Maswali yenu: presha, chumvi ya Uvinza na dodoso za wanachuo

Mmeandika wengi, nimechukua haya. Mengine yanajibika ukifika kliniki na kadi yako.

Dada nesi, presha yangu imeshuka mpaka 128/80, si niache dawa sasa? (Mwanga, Kigoma)

Hapana. Imeshuka kwa sababu unameza dawa. Hili linakuja kila wiki jamani, mnasoma majibu au mnasoma maswali tu?

Shikamoo. Mume wangu ana presha, ila chumvi yetu ni ya Uvinza, ya asili, haina shida eti? (Kasulu)

Marahaba. Uvinza watu wamechemsha chumvi karne na karne na ni nzuri tu, lakini sodiamu ni sodiamu, mshipa wa damu hauulizi imetoka wapi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai hivi, na humo hesabu na ile ya kwenye samaki wa chumvi. Loweka samaki, mwaga maji. Halafu angalia iwe imetiwa madini joto, hilo hukuniuliza. Na kliniki muende wote wawili, maana mwiko unaushika wewe, sisi tunakomaa kumfundisha baba ambaye hata kopo la chumvi halijui liko wapi halafu tunashangaa presha haishuki.

Sista, nasoma uuguzi, naomba topiki ya risechi kuhusu elimu ya afya na kujihudumia kwa wagonjwa wa kisukari, na dodoso kama unalo. (Tabora)

Mdogo wangu, dodoso sina na ningekuwa nalo nisingekupa. Kazi zenu nyingi zinafanana, mnamhoji mgonjwa kwenye benchi la kliniki, mnampa semina ya nusu saa, mnamhoji tena palepale, kajibu vizuri, mnaandika elimu imefanikiwa. Imefanikiwa nini? Kujua miguu ikaguliwe kila siku alijua hata kabla hujaja, ila usiku anavua kandambili gizani na kulala zake. Rudi baada ya miezi 3, mwambie akuonyeshe anavyokagua, hesabu vidonge vilivyobaki, na kama maabara wana HbA1c pima hiyo, inaonyesha sukari ya miezi 2 mpaka 3 iliyopita, sio ya asubuhi aliyojinyima chai kwa ajili yako.

Na Dorothea Orem, muuguzi mwenye nadharia ya kujihudumia, msomeni basi, mnamweka sura ya pili ya risechi kama pambo halafu hamumgusi tena. Huyu mama wa Marekani alisema kuna mgonjwa unayemfanyia kila kitu, kuna ambaye mnagawana kazi, na kuna anayeweza mwenyewe akielekezwa na kutiwa moyo. Aliyekuja kliniki kwa miguu yake mara nyingi ni huyo wa tatu, mbona unamhutubia kama yuko wodini? Angalia alichofanya Kate Lorig na wenzake Stanford, naye ni muuguzi: darasa la kujihudumia la wiki 6, saa 2 na nusu kila wiki, wanaoongoza wengi ni watu wenye magonjwa ya kudumu wenyewe, kila mtu anachagua jambo moja la kufanya wiki hiyo na anataja uhakika wake kati ya 0 na 10. Matokeo yao ya 1999 yaliangalia mpaka mazoezi na siku za kulazwa. Jaribu hapo Tabora, kwa Kinyamwezi inapobidi, bibi mmoja anayejichoma insulini mwenyewe atawafundisha wenzake kuliko projekta yako. Ukimaliza warudishie majibu, sio unawasainisha fomu ya ridhaa halafu unapotea.

Ugali wa dona na wa muhogo, upi hauna sukari?

Hakuna. Punguza ugali, ongeza mboga, na soda ya kushushia iache.

Mtoto anatumia insulini, huku mwambao hatuna umeme.

Chungu kikubwa, mchanga uliolowa, chungu kidogo chenye insulini katikati, kitambaa kibichi juu, weka kivulini penye upepo. Iliyofunguliwa inakaa kama wiki 4 kama joto halizidi, soma karatasi ya kwenye boksi maana zinatofautiana. Usiizike kwenye barafu ya samaki, ikiganda tupa.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wavuvi hawaji kwenye mikutano.

Unaita saa 4 asubuhi watu waliokesha ziwani, nani aje? Subiri siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi vizuri na wenyewe wako mwaloni wanashona nyavu. Nenda na mashine ya presha, kipaza sauti kiache ofisini.