Kilo 250 za bangili ya paracord

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni kiongozi wa skauti hapa Morogoro. Nimenunua bangili ya paracord, ile kamba nyembamba ya nailoni, na muuzaji kaniapia kwamba inabeba kilo 250. Nataka vijana wangu wasuke za kwao kabla ya kambi yetu ya Uluguru. Bangili moja inakula kamba mita ngapi? Na tukiifumua, tunaweza kuteremkia korongoni? Mimi nina kilo 80 tu.

Jibu: Marahaba, kiongozi. Nianze na korongo, maana hapo ndipo pa kufia: msithubutu.

Muuzaji hakukudanganya sana. Paracord ya kawaida huitwa 550 kwa sababu ikiwa mpya na imenyooka hustahimili ratili 550, yaani karibu kilo 250, kabla ya kukatika. Asichokwambia ni kwamba mzigo huo hutundikwa taratibu na haurukiruki. Ukiifunga fundo, nguvu hupungua hata kufikia nusu. Ukiteleza hatua moja tu kamba ikakudaka, kilo zako 80 huvuta kama mamia ya kilo kwa mpigo mmoja. Ongeza ukingo wa jiwe, na unene wa milimita 4 ambao kiganja hakiwezi kuushika. Kamba za kuteremkia majabali zina unene wa milimita 10 au 11 na hustahimili zaidi ya kilo 2,000. Hata kuikunja mara mbili hakusaidii, kwa kuwa nailoni ikisuguana na nailoni mahali pamoja huyeyuka na kukatika.

Sasa kusuka. Pima kifundo cha mkono, ongeza sentimita mbili na nusu. Kila sentimita mbili na nusu za bangili hula takriban sentimita 30 za kamba. Mkono wa sentimita 18 utataka mita 2.5 hivi, mkatie kila kijana mita 3 asije akaishiwa njiani.

Kunja kamba katikati, pitisha kitanzi kwenye upande mmoja wa klipu, kisha ingiza ncha zote mbili ndani ya kitanzi na ukaze. Peleka ncha kwenye upande wa pili wa klipu, rekebisha urefu, na hapo una nyuzi mbili za katikati zilizonyooka na ncha mbili za kusukia. Ncha ya kushoto ipite juu ya nyuzi za katikati. Ya kulia iilalie hiyo ya kushoto, ipite chini ya nyuzi za katikati, ichomoze kwenye tundu la kushoto. Kaza. Fundo linalofuata lianzie kulia, na hivyo hivyo kwa zamu. Aliyewahi kumtazama bibi akisuka ukili atashika upesi. Bangili ikianza kujipinda kama parafujo, kijana karudia upande uleule. Afumue fundo moja tu. Mwishoni kata ncha, bakiza milimita 5, yeyusha kwa kiberiti na ubane kwa ubapa wa kisu. Kidole hapana! Nailoni ya moto hung'ang'ania ngozi.

Kagua kamba kabla ya kununua. Ndani ya ganda uvute nyuzi saba, kila moja ikiwa imesokotwa kwa nyuzi mbili au tatu. Ukikuta manyoya tu, rudisha. Pia loweka kipande, ukiminye hewa itoke: nailoni huzama, polipropilini huelea.

Kazi zake ni za kawaida: kutundikia turubai, kufungia banzi kwenye mguu uliovunjika, kamba ya kiatu. Uzi wa ndani hushonea begi lililochanika au huwa mshipi wa kuvulia. Damu ikimwagika sana, msiitumie kukaza mkono au mguu. Ni nyembamba mno na itakata nyama. Tumieni kitambaa kipana. Na Uluguru kuna mvua, kwa hiyo turubai mliyoikaza jioni itakuwa imelegea usiku, maana nailoni hurefuka ikilowa. Katani ya kwenu hapo Morogoro hufanya kinyume chake, ikilowa hujikaza.

Kwa kweli mimi bangili naivaa kwa mazoea tu. Kazi naifanyia kitita cha mita 15 kilichomo mfuko wa pembeni wa begi, kwa sababu mita 3 hazifikii miti miwili ya kutundikia turubai, na kufumua bangili kunataka dakika kadhaa za mikono mikavu. Kabla ya safari, kila kijana afumue ya kwake mara moja gizani, kisha aisuke upya. Zile ncha zilizoyeyushwa ndizo zitakazowasumbua, basi kila kundi liwe na kisu.