Muulize Bwana Mifugo: Tomi amegoma Gangilonga

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihesa, hapa Iringa. Tuna mbwa wa kienyeji, dume wa miaka miwili, anaitwa Tomi. Juzi daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda, nitembee kila siku. Kwa kuwa naogopa kupita njia za kule peke yangu, nikaona niende na Tomi mpaka jiwe la Gangilonga. Jumamosi tulitoka saa 8 mchana. Kupanda alipanda vizuri, lakini tulipofika juu ya jiwe lenyewe akaketi chini. Navuta mnyororo, hanyanyuki, analamba miguu tu. Vijana waliokuwa pale walicheka mpaka basi, mmoja akasema, "Mama, huyo ni wa kulinda geti, siyo wa kutalii." Nilimbeba mpaka kwenye majani. Mume wangu anasema mbwa mvivu hafundishiki. Je, ni kweli? Na je, ni salama kwenda naye? *Mama Tomi, Kihesa*

JIBU: Marahaba mwanangu, na kamwene. Pole kwa kubeba mbwa mzima. Ila mwambie mumeo kwamba siku ile, mwenye akili kati yenu alikuwa ni yule aliyeketi.

Wewe ulivaa nini miguuni? Raba au kandambili, chochote kile, lakini ulivaa. Tomi alikuwa peku juu ya jiwe lililopigwa jua tangu asubuhi. Sisi watu wa Iringa tunadanganywa na hewa. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upepo unapuliza, mtu anavaa sweta mchana kweupe na kudhani kila kitu kimepoa. Jiwe haliko hivyo, linatunza joto kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Siku nyingine, kabla hujamruhusu kukanyaga, weka mgongo wa kiganja chako juu yake uhesabu taratibu mpaka saba. Ukishindwa kufika saba, na yeye asikanyage.

Isitoshe, mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Joto lake analitoa kwa kuhema, ulimi nje. Ukiona mate yamekuwa mazito ya kuvutika, ufizi umeiva kwa wekundu, au anayumba kama aliyetoka kwenye pombe ya ulanzi, safari imekwisha. Mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni na miguuni, na mpe ya kunywa kidogo kidogo. Usimnyweshe kwa nguvu. Akiendelea kuyumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo jioni hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Kwa hiyo badilisha saa. Hapa kwetu jua linazama kati ya saa 12:20 na saa 1 jioni, kutegemea mwezi. Panga ufike juu nusu saa kabla halijazama, na jua likigusa vilima anza kushuka. Usibaki kupiga picha, giza la huku halibishi hodi. Chukua tochi hata kama simu yako ina taa. Na usimtegemee Tomi peke yake kwa ulinzi. Tafuta shoga mmoja wa kuongozana naye, maana kule vichakani kuna saa hapana mtu.

Mnyororo uache getini. Ni mzito, na ukikazwa unamnyonga. Mimi natumia mkanda wa begi la zamani la shule, mpana, haukati kiganja. Somo hilo nililipata kwa goti langu. Mbwa wangu ni jike, mwekundu, anaitwa Pilipili. Mwaka wa kwanza nilimfunga kamba ya katani nikaizungusha mkononi, nikijiona fundi. Tukiwa karibu na jiwe, pimbi akachungulia kwenye ufa. Sikumbuki kilichofuata ila nakumbuka nilikuwa chini, kofia kule, kiganja kinawaka moto, na Pilipili hayupo. Nilirudi nyumbani peke yangu nikichechemea. Yeye alirudi saa 2 usiku, pua imechanika, amefurahi kama aliyetoka harusini. Kwenye mawe yale wapo pia mijusi wenye vichwa vyekundu, na kwenye nyasi anaweza kuwapo kifutu, nyoka ambaye hakimbii ukimkaribia. Mkanda uwe mfupi, na pua ya Tomi isiingie kwenye nyufa.

Lakini kwingine kote mwache anuse. Wengi wenu mnamburura mbwa kama mmechelewa daladala. Wewe unapanda kuuona mji na bonde la Ruaha Ndogo, yeye anasoma ni nani amepita pale tangu asubuhi. Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wazee wetu husimulia kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikuwa akienda pale kabla ya vita kusikiliza. Mimi miaka yote sijasikia kitu zaidi ya upepo. Pilipili ndiye hukaza masikio akatulia, ananiona mimi kiziwi.

Kuhusu wale vijana: utani wa Mhehe na mbwa, kwamba eti tunawala, nimeuzoea, hata watani zangu wamechoka kuurudia. Ila wapo watakaokukwepa kwa hofu ya kweli, na wana haki, kwa sababu kichaa cha mbwa kinaua. Tomi awe na kadi ya chanjo, ichomwe kila mwaka, na mfupishe mkanda mnapopishana na watoto. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni mkwaruzo.

Ugali wake mpe mkisharudi na akishatulia, siyo kabla ya kutoka. Mkague kupe masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia, umvute kila mmoja wima kwa kibano. Kuna anayewapaka mbwa oili chafu ya gari kuua kupe. Tafadhali usithubutu, ni sumu, naye anajilamba.

Sasa hivi mwangalie nyayo. Zikiwa na malengelenge au zimepasuka, zioshe kwa maji safi yaliyotiwa chumvi kidogo, apumzike mpaka zipone. Wewe endelea kutembea, sukari haimsubiri Tomi.

Mimi jioni za Jumanne huwa pale, mzee mwenye kofia ya sufu. Njoo usalimie. Ila ukimwona Pilipili amekaza masikio, shika mkanda wako kwa mikono miwili kwanza.