Hiyo chai yenye harufu ya udongo haijaoza

Dada, usiitupe. Hilo pande jeusi lililoshindiliwa kama mkate, alilokuletea kaka yako kutoka China, yaelekea ni pu-erh, chai ya kuvundikwa ya jimbo la Yunnan. Majani yake hurundikwa na kunyunyiziwa maji, yakavundikwa wiki kadhaa, ndiyo maana yananuka udongo uliopigwa na mvua.

Banjua kwa ncha ya kisu gramu 5 hivi, kama korosho tatu nne. Mimina maji yanayotokota, mwaga hayo ya kwanza. Mimina tena nusu kikombe, hesabu hadi 15, chuja, onja bila sukari wala tangawizi (najua, kwetu ni mtihani). Majani hayohayo yatakupa vikombe sita hata zaidi. Mimi cha kwanza kilinishinda. Cha tatu kikaacha utamu kooni.

Ila kwa unyevu wa huku Mikindani, ukiona ukungu wenye manyoya, hapo tupa kweli. Na usiiweke kabati moja na ng'onda, chai hunyonya harufu. Yangu niliiweka, mwezi mzima nikanywa mchuzi wa samaki.