Vialama vya kuku kwa kanga: vinafaa, ila vijaribu kwanza

Umeuliza kama vialama vya DNA vya kuku (sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya ndege na ndege) vinaweza kupima nani ni mzazi wa nani kwa kanga. Ndiyo, vingi vinakubali, maana wote ni wa oda moja, Galliformes. Ila kipande cha DNA kutokea kwenye PCR (njia ya maabara ya kukinakili mara nyingi) si ushindi. Vialama hivyo vilichaguliwa kwa kuwa vinatofautiana sana kati ya kuku na kuku. Kwa kanga unaweza kukuta ndege wote wamefanana, kazi bure. Kibaya zaidi ni aleli bubu (aleli ni toleo la kialama; ndege hurithi moja kwa baba, moja kwa mama): praima, kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili, inashindwa kushika nakala moja, na kanga mwenye aleli mbili tofauti anasomeka kama ana moja tu. Hapo ndipo baba halali anakataliwa, maana aleli aliyompa kifaranga haionekani! Anza na wazazi na vifaranga unaowajua kwa hakika.