Barua kwa mwanangu: nani atashika sindano?

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuwa na miwani nikadhani anayechomwa sindano ni wewe. Roho ilitulia nilipoona jina la paka wako, Jemadari.

Kwa hiyo ana kisukari, anachomwa insulini asubuhi na jioni, na kazi yako mpya inakutoa nyumbani wikendi moja moja. Unauliza umpeleke akalale kwenye kliniki ya wanyama, au abaki nyumbani na jirani wa ghorofa ya juu awe anashuka kumlisha na kumchoma. Naona tayari unaelemea kliniki, eti kule kuna wataalamu.

Mimi nakuuliza kwanza: nani atashika sindano? Mahali hapachomi mtu wala paka. Mgonjwa wa insulini anataka mkono mmoja, mwanangu, na mwenye mkono huo awe anamtazama anayemchoma. Umeshanisikia nikisema hivi tangu hujang'oa meno ya utoto, na utanisikia tena kabla barua haijaisha.

Nisiionee kliniki. Ina vipimo, ina dawa, na mgonjwa akizidiwa hakuna mbio za kutafuta gari. Paka aliyegunduliwa juzi, ambaye dozi yake bado inatafutwa, mimi ningempeleka huko huko bila mjadala. Lakini Jemadari tunamjua. Huyo mwenye jina la kivita huingia uvunguni mtu akipiga chafya. Paka akishikwa na hofu sukari yake hupanda, hata kama hana kisukari. Sasa ukimpima damu akiwa kwenye kizimba, mbwa wanabweka chumba cha pili, unapima ugonjwa au unapima woga? Tena akiogopa, hali chakula. Na paka asiyekula, ukimchoma dozi yake nzima kama kawaida, umemtafutia balaa. Basi ukienda huko uliza usiku analala nani. Kliniki nyingine jioni hufungwa, wakabaki wanyama na taa. Uliza pia kama Jumamosi na Jumapili zamu ni ya mtu yule yule, au kila sindano na mkono wake.

Hapo ndipo ninapomkumbuka bibi yako, maana naye alikuwa mgonjwa wa insulini.

Utasema mama ameanza. Ndiyo, nimeanza. Ile wikendi niliyokwenda kwenye harusi ya binamu yangu, bibi yako nilimwacha mikononi mwa baba yako mdogo na shangazi yako. Sikuwaachia hewani. Niliacha daftari lenye mistari: saa, dozi, jina la aliyechoma, na kalamu nimeifunga kwa uzi ili mtu asije akasema hakuiona. Baba yako mdogo akamchoma saa moja asubuhi, vizuri kabisa, halafu akatoka kuosha gari. Ataandika baadaye. Shangazi yako akaingia, akafungua daftari, ukurasa mweupe. Akavuta dozi.

Bibi yako akamwambia, "Nimeshachomwa."

Shangazi akamjibu kwa upole kabisa, "Hiyo ilikuwa jana, mama."

Akarudia, "Nimeshachomwa, na mwanangu." Wakacheka, yeye na aliyekuwepo pale, kile kicheko cha kumhurumia mzee. Bibi yako akanyamaza, akakunja mkono wa gauni, akatoa mkono.

Hilo la kutoa mkono ndilo linaloniuma mpaka leo. Si dozi. Dozi mbili zinapandana hata kwenye wodi zenye wauguzi kumi. Kinachoniuma ni kwamba mgonjwa alisema, akasema tena, na watu waliompenda wakaona anasahau.

Saa tano alikuwa ameloa jasho, anatetemeka, anakuita wewe kwa jina la marehemu dada yake. Na hapo ndipo ninapofurahi, Zuhura, hata kama wewe unasema hukumbuki. Watu wazima wawili wamesimama mlangoni wanabishana nani alichoma saa ngapi, wewe umeshapanda kitandani na kopo la asali, unampaka bibi kwenye ufizi kwa kidole kama ulivyoniona mimi nikifanya. Niliporudi nilikuta shuka inanata na daftari lina mistari miwili, yote imeandikwa saa moja asubuhi, wino ule ule, maandishi ya watu wawili walioandika baada ya tukio. Baba yako mdogo akisimulia mpaka leo husema mama hakula vizuri siku ile. Mimi hunyamaza kwa heshima ya baba yako.

Najua, najua, bibi si paka. Lakini bibi alikuwa na mdomo na hakuaminiwa. Jemadari hana hata huo. Yeye atasema kwa kuyumba miguu ya nyuma, kwa njaa ya ghafla, kwa kulegea, kwa kujikunja mahali ambapo si pake. Mtu asiyemjua ataona paka amelala.

Wodini tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Kwa insulini nyumbani mimi huigeuza sheria hiyo: ukikuta hakijaandikwa na huna wa kumuuliza, chukulia kimefanyika, usichome. Sindano ikichomwa paka akaruka, manyoya yakaonekana yamelowa na hujui kama dawa imeingia, usirudie. Subiri zamu inayofuata. Hapo huwa najipinga mwenyewe, maana sikuzoea kumwambia mtu aache dawa. Lakini dozi moja ikikosekana sukari itapanda, atakunywa maji sana, mchanga wake wa choo utalowa, na jioni mtaendelea. Dozi mbili zikikutana sukari inashuka mno, ubongo unakosa chakula na degedege halingoji jioni. Ila usinisikie nusu. Sijasema wikendi nzima bila dawa ni sawa. Akikosa dawa siku nzima, au akatapika, au akakataa chakula, mtu apige simu kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu sukari iliyopanda ikaachwa hugeuza damu kuwa na asidi, na hilo ndilo linalowaua.

Baba yako mdogo alicheka sana kusikia paka anachomwa insulini. Nikamwambia dawa hiyo yenyewe ilijaribiwa kwanza kwa mbwa, mwaka 1921 kule Toronto, kabla ya mvulana wa miaka 14 kuchomwa Januari 1922. Wanyama walitangulia, binadamu ndio tuliofuata. Alinyamaza kidogo, jambo ambalo si la kawaida.

Sasa huyo jirani. Umeandika kwamba alipokuja kukuazima ngazi alikaa sakafuni, akaacha kumwita Jemadari, na Jemadari akatoka mwenyewe kumnusa viatu. Umeliandika kwa mstari mmoja tu, ukarudi kwenye kliniki. Mimi nimelisoma mara nyingi kuliko ujumbe wote.

Piga hesabu. Ukimchoma mwenyewe Ijumaa saa moja jioni ndipo uondoke, na Jumapili ukarudi kabla ya saa moja jioni, jirani ana sindano tatu tu mkononi mwake: Jumamosi asubuhi, Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi. Sindano tatu mtu anaweza kufundishwa. Aanze kuja ukiwapo, jioni, mkae, yeye aweke bakuli na wewe uchome. Halafu achome yeye na wewe utazame. Avute dozi mbele yako, atoe mapovu, akunje ngozi ya ubavuni itengeneze kibonde, achome Jemadari akiwa anakula. Mpaka wewe uchoke kutazama. Ukiona mkono wake unatetemeka, usimlazimishe mtu wa watu. Hapo kliniki imeshinda.

Chumba chako cha kulala ufunge kabla hujatoka. Jemadari akishaingia chini ya kile kitanda hakuna jirani atakayemtoa bila vita, na paka aliyeburutwa kwa miguu leo kesho hatatoka kabisa. Lakini usimnyime maficho. Mwekee boksi lenye mlango upande mmoja na kifuniko juu kinachofunguka, na nguo yako uliyovaa ndani yake, ili jirani afunue taratibu na kumchoma humo humo akiwa amejificha. Akishindwa kumpata, aache. Afadhali dozi ipite kuliko kumfukuza mgonjwa nyumba nzima.

Jambo moja usilichukulie kwa mzaha. Mabomba ya sindano mwachie ya kutosha na ya ziada, na umwambie asiazime kwa mtu yeyote mwenye kisukari hata yakidondoka yote. Kuna insulini ya yuniti 40 kwa mililita na kuna ya yuniti 100, kila moja na bomba lake. Insulini ya 100 ukiivuta kwa bomba la 40 mpaka alama ile ile, umempa mara mbili na nusu. Alama ni ile ile na macho hayatakuonya. Chupa ikae ndani ya jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu; ikiganda haifai tena. Asali iwe juu ya meza. Apake kwenye ufizi, asimimine mdomoni ikampalia, na simu ya daktari ifuate papo hapo hata kama paka ameinuka.

Kamera unayotaka kufunga, funga ikikutuliza. Itakuonyesha tatizo ukiwa mbali nalo, basi. Na dawa za kunywa ulizosikia, ni kweli zipo. Kule Marekani, ya kwanza iliidhinishwa Desemba 2022. Lakini si za paka ambaye ameshatibiwa kwa insulini, kwa hiyo Jemadari hazimhusu. Kuna habari njema zaidi ya hiyo: wapo paka ambao wakitibiwa mapema na wakapewa chakula chenye wanga kidogo, sukari hutulia hata wakaachishwa sindano. Nakuombea. Ila ndiyo sababu nyingine ya kumpima kabla ya safari, kwa sababu dozi iliyokuwa sawa mwezi uliopita inaweza kuwa kubwa leo.

Umeniuliza ningekuwa wewe ningefanyaje. Sisemi. Paka ni wako, jirani wewe ndiye unayemwona ngazini kila siku, na nikisema halafu likaharibika nitasikia habari yake kila sikukuu, kama baba yako mdogo anavyosikia ya kwake, japo mimi sisemi. Tena sijaiona hiyo kliniki. Huenda ina muuguzi mmoja mtulivu anayelala pale na kuwajua paka kwa majina, na hapo maneno yangu yote yamekwisha. Mkono mmoja ni mkono mmoja hata ukiwa kliniki.

Lakini mtu aliyekaa sakafuni akaacha kumwita... haya, nimenyamaza.

Kabla ya lolote, mwulize daktari wako mambo mawili unijibu: sukari ikisomeka ngapi jirani asichome kabisa, na Jemadari akila nusu ya chakula achomwe kiasi gani. Hizo namba ziandike kwa herufi kubwa, uzibandike kwenye mlango wa jokofu, na daftari lining'inie hapo hapo. Kalamu ifunge kwa uzi.

Baba yako anakusalimu. Anasema ukikwama kabisa yeye yuko tayari kuja kukaa na Jemadari, ila hachomi mtu.

Mama yako